Ukurasa wa Waliokosa

Mtaani kwetu, Kyela mjini, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Opereta, na mgeni aliyeuliza nyumba yake kwa jina lililoandikwa kwenye kitambulisho angeweza kuzunguka nusu saa bila kupata wa kumwelekeza. Kazi iliyompa jina hilo ilikwisha kabla mimi sijazaliwa. Kwa miaka mingi alikaa kwenye chumba cha simu, vipokea sauti masikioni, mbele ya ubao wenye matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, ili mtu wa Kyela azungumze na mtu wa Mbeya au Dar es Salaam. Mitambo ilipoanza kujiunganisha yenyewe, alirudi nyumbani, akapanda kokoa nyuma ya nyumba, na sauti yake akabaki nayo.

Sauti hiyo ndiyo ninayoikumbuka kuliko sura. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa kuyumba kidogo, na ukimwona sokoni usingemtofautisha na mama mwingine yeyote aliyebeba kapu. Lakini akifungua mdomo, watu waligeuka. Ilikuwa sauti ya chini, iliyotulia, kila neno limekamilika, kama vile anazungumza na wewe peke yako na anao muda wa kutosha. Kwaya ya kanisani walimweka mstari wa nyuma, nadhani kwa sababu mbele angewafunika wenzake. Hata kuku wake aliwaita kwa adabu.

Neno moja alilikataa kabisa nyumbani kwake, nalo ni "hakuna". Nilijifunza hilo nikiwa na miaka saba au minane, aliponituma dukani kununua majani ya chai. Nikarudi mikono mitupu.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna wapi?"

"Dukani."

"Duka gani? Ulimwuliza nani? Yataletwa lini? Na jirani yake ulimwuliza?"

Nikarudi. Nikaja na habari kwamba majani ya chai yataletwa kesho, ila duka la kona wanayo ya pakiti kubwa tu. "Sasa hilo ni jibu," akasema, akanipa kitumbua, akaamua kunywa maziwa. Watu wazima nao hawakusalimika. Mwanamke aliyeleta samaki kutoka ziwani alipomwambia kwamba mbasa hakuna leo, Opereta alisimama palepale mlangoni, bila hasira yoyote, mpaka yule mama alipomweleza samaki gani wapo, nani anaweza kuwa na mbasa, na siku gani afike mapema. Kisha akamshukuru kwa moyo wote, "Ndaga fijo, mama," kana kwamba amepewa mbasa wawili bure.

Enzi zake za simu alituhadithia vipande vipande, akiwa anaanika kokoa uani. Hadithi aliyoipenda zaidi ni ya mtu aliyepiga kutoka Mbeya akimtafuta shemeji yake wa Mwaya. Mwaya hakukuwa na simu. Opereta akafikiri kidogo, akamwambia yule mtu, "Mwaya simu haijafika. Ila leo ni siku ya mnada hapa Kyela, na shemeji yako nadhani ndiye yule anayeuza ndizi karibu na lango. Usikate. Namtuma mtu." Shemeji akaletwa mbio mpaka chumba cha simu, na kwa kuwa hakumwamini mtu wa kumlindia mali yake, alizungumza dakika tatu nzima akiwa na mkungu wa ndizi begani. "Alikuwa anaitikia kwa kichwa," Opereta alisema, akicheka mpaka machozi. "Kila akiitikia, mkungu unanigonga!"

Nisimfanye malaika. Alikuwa mwizi wa karata, na alikasirika akikamatwa. Wageni aliwavumilia kupita kiasi, ndugu zake hakuwavumilia hata kidogo. Kwenye ule ubao wa simu alikuwa amesikia siri za nusu ya wilaya, na hakuna hata moja iliyowahi kumtoka, lakini habari zisizomdhuru mtu alizipenda kama sukari: nani kapaka nywele rangi, nani kanunua viatu visivyomtosha akaona haya kuvirudisha. Na jambo lililowashangaza wote, yeye aliyeunganisha watu ujana wake wote hakutaka kuwa na simu. Binti yake anayeishi Dodoma alimnunulia simu ya mkononi, na Opereta akaihifadhi ndani ya kopo la sukari, imezimwa. "Nimeshapokea simu za kunitosha," alisema. Binti akitaka kuzungumza naye, ilimbidi ampigie mama yangu, na mama aivushe simu juu ya ua uliotenganisha nyumba zetu.

Mimi nilisomea mambo ya kompyuta Mbeya, nikarudi nyumbani, na kazi yangu ya kwanza ya maana nilipewa na umoja wa wakulima na wafinyanzi. Wanachama wake walikuwa wakulima wa mpunga na karanga wa Ngonga, wenye kokoa na ndizi wa Busale, na akina mama wanaofinyanga vyungu huko pwani ya ziwa. Walitaka tovuti, ili mtu aliye mbali aone wanachouza na kuagiza. Nikawatengenezea, na sitajificha, ilikuwa nzuri. Picha za mashamba zilijaa ukurasa wa mbele, na juu kabisa niliweka kisanduku cha kutafutia, mtu aandike anachotaka.

Siku ya kuionyesha, ukumbi ulijaa. Mwenyekiti, mzee aliyelima kokoa maisha yake yote, akaomba awe wa kwanza kujaribu. Akaandika taratibu, kwa kidole kimoja: kokoa. Ukutani, mbele ya wanachama wote, yakatokea maandishi makubwa: "Samahani. Hakuna matokeo."

Mimi kwenye tovuti nilikuwa nimeandika "kakao", kwa sababu ndivyo nilivyoona kwenye vitabu. Mwenyekiti akaangalia ukuta, kisha akaangalia viganja vyake. "Kumbe miaka yote hii silimi kitu," akasema. Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Mwisho wa mkutano wakanipa mwezi mmoja. Kama tovuti haitakuwa na faida kwa mtu, wataifunga, na mimi tutaagana.

Nilimsimulia mama jikoni, nikidhani tuko wawili. Asubuhi iliyofuata Opereta alikuwa amesimama mlangoni kwetu na chupa ya chai kwapani.

"Mugonile, mama," nikamsalimia.

"Ndaga. Nionyeshe hilo jambo linalosema hakuna."

Nikamfungulia kompyuta. Akavaa miwani, akaandika: chungu cha kupikia maharage. Samahani. Hakuna matokeo.

"Wale akina mama wa ziwani hawauzi vyungu?"

"Wanauza, mama. Lakini mimi nimeviita vyombo vya udongo."

"Nani anaviita hivyo?"

Akaandika ndisi, kwa s, kama wanavyotamka wazee wengi wa kwetu. Hakuna matokeo. Akaandika kalanga. Hakuna matokeo. Nikaanza kujitetea, nikasema watu wajifunze kuandika vizuri. Akavua miwani.

"Gwe, mteja hajaja kufanya mtihani. Kaja kununua karanga."

Kisha akanielekeza kidole kwenye ule ukurasa mweupe, wenye maneno matatu tu. "Huyu mtu katoka kwake, kapiga hodi, kasema shida yake. Wewe umemwambia samahani, ukafunga mlango. Samahani ni neno zuri, ila usiliache peke yake."

Ndivyo tulivyoanza. Kwa muda wa wiki tatu tulikaa pamoja kila asubuhi baada ya yeye kulisha kuku, mara kwetu, mara uani kwake. Mfumo wangu ulikuwa unaweka kumbukumbu ya kila neno lililotafutwa likakosekana, nami maneno hayo sikuwahi kuyatazama. Yeye akataka niyasome yote, moja baada ya jingine, kwa sauti. Ilikuwa kama kusikiliza watu wakipita barabarani. Kuna aliyeandika "mchere", na Opereta akasema huyo ni wa kanda ya ziwa, kama si kweli yeye ataninunulia soda. Kuna aliyeandika "mchele usiovunjika", na "mchele wa harusi", na "bei", hilo tu, bei. Kila neno tulilitafutia kwake. Mchere nikauonyesha njia ya kwenda kwenye mchele, na ndisi nikazipeleka kwenye ndizi. Vyombo vya udongo nikavirudishia jina la vyungu.

Na ule ukurasa mtupu tuliuandika upya. Yeye ndiye aliyeamua tuanze kwa kulirudia neno la mtu jinsi alivyoliandika, hata kama kalikosea, ili ajue amesikiwa. "Zamani nilikuwa nikirudia namba kabla ya kuunganisha," alisema. "Nusu ya makosa yalikuwa yanaishia hapo." Halafu ufuate ukisiaji wetu wa alichomaanisha, halafu kile tulicho nacho kilicho karibu na hicho. Chini kabisa iwepo namba ya simu ya mtu aliye hai.

Siku moja, kwa haraka yangu, niliona nimzidi maarifa. Nikaweka bidhaa zetu bora zitokee kila neno linapokosekana, bila kujali ni neno gani. Sikumwambia. Siku mbili baadaye mtu mmoja mtundu akaandika "sumu ya panya", na ukurasa wangu ukamjibu kwa heshima: "Hatukupata 'sumu ya panya'. Jaribu mchele wetu wa Kyela." Akaupiga picha. Picha ikazunguka kwenye simu za watu mpaka ikamfikia mwenyekiti, akanipigia.

"Fundi, unauza mchele au unamaliza watu?"

Opereta alipoiona ile picha, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la kokoa. Alipopata pumzi, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na sauti ikawa ile ya kazini.

"Mtu akimtaka mchungaji, humuunganishi na muuza pombe kwa sababu tu ndiye aliye karibu na simu. Kama huna, sema huna, halafu mwelekeze kwenye duka la pembejeo. Hatakuchukia kwa kukosa. Atakuchukia ukimchezea."

Nikaiondoa ile safu ya bidhaa siku hiyohiyo.

Lakini kuna asubuhi nilichoka. Orodha ilikuwa ndefu, maneno mengine hayaeleweki kabisa, nikamwambia kwamba wengine hawa hawasaidiki, tuwaache waende zao. Akaendelea kugeuza kokoa kwenye mkeka, akizitenga zilizoshikana. Baadaye akasema bila kunitazama:

"Kuna mtu alipiga kutoka mbali, laini inakwaruza. Anamtaka fundi cherehani wa Ngonga. Ilikuwa karibu na muda wa kutoka, na kichwa kinaniuma. Nikamwambia Ngonga hakuna simu, nikachomoa waya."

"Na kweli ilikuwa haipo?"

"Haikuwepo. Sikusema uongo."

"Kisha?"

"Hakupiga tena."

Jumapili yake alikodi baiskeli mpaka Ngonga, akampata yule fundi. Fundi hakujua ni nani angeweza kumtafuta. Alikuwa na kaka aliyekwenda migodini akanyamaza, na binti aliyeolewa mbali, na mteja mmoja aliyeacha suruali yake bila kuichukua. Opereta aliendelea kumwuliza fundi huyo kwa miaka, kila walipokutana, kama mtu yule alijitokeza.

"Mpaka leo sijui ni nani," akasema. "Labda alikuwa anaulizia suruali tu."

"Labda, mama."

"Ndiyo. Labda."

Tukarudi kwenye orodha. Tuliisoma mpaka mwisho.

Namba ya simu niliyoiweka kwanza kwenye ule ukurasa ilikuwa ya mwenyekiti, lakini yeye alishinda shambani na simu ikilia kwenye koti lililotundikwa nyumbani. Opereta alivumilia siku nne. Siku ya tano akaingia ndani, nikasikia kopo la sukari likifunguliwa, akatoka na simu ameishika kwa vidole viwili, vitufe vikisaga chembe za sukari kila akibonyeza. Akaniamuru niweke namba yake. Simu ya kwanza ililia tukiwa tunakunywa chai. Akajinyoosha mgongo, akatengeneza kitenge.

"Kyela hapa. Unamtaka nani?"

Aliyepiga alitaka mchele. Lakini alibaki akiongea robo saa, na mwishowe akaagiza na vyungu viwili. Ikawa hivyo kila siku. Watu walipiga kuulizia kitu kimoja, wakajikuta wakieleza harusi, mgonjwa, shamba la baba. Binti yake wa Dodoma ndiye aliyenufaika zaidi. Alipogundua kwamba mama yake sasa anapokea, naye akapiga namba ya tovuti. "Nataka kilo tano za mchele na salamu za mama yangu," akasema. Opereta akamjibu kwamba mchele upo, salamu zitategemea atakuja lini.

Mwezi ukiwa katikati, mama mmoja mwenye hoteli ndogo Songea aliandika kwenye kisanduku: chungu kikubwa cha maharage ya watu wengi. Hatukuwa nacho. Vyungu vyetu vyote vilikuwa vya familia. Ukurasa ukamwambia hivyo, ukamwonyesha vidogo, ukampa namba, naye akapiga. Nilikuwepo. Opereta hakumwambia ndiyo wala hapana. Alimwuliza watu wangapi hula, anapikia kuni au mkaa, na jikoni kwake mlango una upana gani. Kisha akatuma ujumbe ziwani. Jibu likaja siku ya pili: kuna bibi mmoja anakumbuka jinsi ya kufinyanga vyungu vya ukubwa huo, na mikono yake bado inamtii, ila atahitaji vijana wa kuchimba udongo. Vyungu sita vikafinyangwa. Vilisafiri kwenda Songea vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na vikafika vyote vizima. Mwenye hoteli akawaambia wenzake. Wale akina mama wa ziwani, ambao kwenye mikutano walikuwa wakikaa nyuma, safari hii walikaa mbele.

Mkutano wenyewe wa mwisho wa mwezi haukuwa mrefu. Mwenyekiti akaandika kokoa, na kokoa ikatokea, na picha ya shamba lake mwenyewe. Akaridhika, ila alikuwa mtu wa utani. Akaandika: helikopta. Ukurasa ukajibu: "Hatukupata 'helikopta'. Hatuna kitu cha karibu na hicho. Kama unataka kufika kwetu, piga namba hii, tutakuelekeza mabasi." Ukumbi ulipiga makofi. Opereta alikuwa nyuma kabisa, amejifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mkataba wangu ukaongezwa, na mpaka leo naifanya kazi hiyo.

Sasa amezeeka. Sikio la kushoto limegoma, magoti hayapendi mvua, na simu ameniachia mimi. Lakini kila Ijumaa asubuhi mimi huenda kwake na orodha ya maneno yaliyokosa matokeo, kwa sababu nisipokwenda hunitumia mtu. Masika hii nilimkuta amekaa barazani, blanketi mapajani, mvua inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nimsomee karibu na sikio la kulia.

Nikasoma. Mbegu ya kokoa inayowahi. Mchele mpya. Zawadi ya baba mkwe. Hilo lilimfurahisha, tukabishana kidogo, tukakubaliana kwamba baba mkwe apelekewe mchele na chungu, asipewe kimoja tu. Nikaendelea, nikafika kwenye neno moja, nikalipita.

"Umeruka," akasema.

"Hilo si la kwetu, mama."

"Lisome."

"Mtu kaandika 'nimechoka'. Hivyo tu."

"Ukurasa ulimjibu nini?"

Niliona haya kulisoma, lakini nikalisoma. "Hatukupata 'nimechoka'. Je, ulimaanisha 'mchele'?"

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alitazama mvua ikimwagika kutoka kwenye bati, inachimba vishimo uani palepale anapoanikia kokoa kiangazi.

"Hatujui ni nani?"

"Mfumo hausemi."

"Andika," akasema. Nikatoa kalamu. Alisema polepole, kwa ile sauti, akingoja nimalize kila neno. "Pole. Umefika Kyela. Hiki ni kibanda cha mchele na vyungu, lakini kuna mtu anapokea simu hii, hata kama hununui kitu."

Nikamsomea nilichoandika. Akaitikia kwa kichwa, kwamba ndivyo. Nikafunga daftari, kisha nikalifungua tena, maana anayepokea simu siku hizi ni mimi.

"Na akipiga, mama, nimwambie nini?"

"Msalimie," akasema, akivuta blanketi. "Mwulize ameamkaje. Kisha nyamaza umsikilize."